Wadada bure, wakaka elfu kumi na tano: nani anaamua we ni nani pale mlangoni?

Kila ikifika Alhamisi simu zetu zinajaa mabango ya klabu na bichi za Dar na karibu yote yana ule mstari, wadada bure mpaka saa tano usiku, wakaka elfu kumi au kumi na tano au ishirini, inategemea ni Sinza au Masaki na nani anapiga siku hiyo. Tumeuzoea mpaka hatuuoni. Shida inakuja watu wakianza kubishana, huyu anasema ni ubaguzi kwa wanaume, yule anasema ni heshima kwa mwanamke, mwingine kasikia Marekani kuna mtu alishtaki akashinda, mara anatokea mtu anauliza je aliyezaliwa wa kiume ila anaishi kama mwanamke yeye analipa au halipi, basi hapo mjadala umekufa yanabaki matusi. Mimi naona ni maswali tofauti kabisa yamerundikwa pamoja, na kila moja lina majibu yake, kwahiyo ngoja tuyatenganishe taratibu.

Tuanze na hela maana ndo chanzo cha yote. Klabu haiuzi bia, bia ileile ipo grosari ya mtaani kwenu kwa bei ya chini kabisa. Inachouza ni ukumbi uliochangamka, na ukumbi wa wanaume watupu haujawahi kuchangamka, hilo kila promota wa mji huu analijua. Wachumi wameshaliandikia sana hili, wanaita soko la pande mbili. Jean Tirole, yule Mfaransa aliyepata Nobel ya uchumi 2014, pamoja na mwenzake Jean-Charles Rochet walionyesha kwamba biashara inayokutanisha makundi mawili haipangi bei sawa kwa wote, inamshushia yule ambaye uwepo wake unamvuta mwenzie alafu inambana yule aliye tayari kulipa. Redio inakupa muziki bure na anayelipa ni mwenye tangazo la sabuni, kwasababu masikio yako ndo yanayouzwa. Na klabu za usiku ni moja ya mifano ambayo wachumi wenyewe huitumia kuelezea hiyo nadharia.

Sasa ukishaelewa hivyo lile neno bure linabadilika sura. Mdada kaingia bila kutoa mia, sawa, ila mkaka aliyetoa kumi na tano mlangoni na bado akachukua meza yenye chupa inayouzwa mara kadhaa ya bei ya dukani, yeye kichwani mwake amelipia na kampani. Na tabia zake zinafuata hapohapo, kushika watu viuno bila ruhusa, kuleta vinywaji ambavyo hamna aliyeomba na baadae kuanza kudai fadhila, "si umekuja bure we". Sisemi kila mwanaume anafanya hivyo. Nasema bei yenyewe imeshamwambia kila mtu ukumbini nani mteja na nani kivutio, kabla hata DJ hajaanza.

Alafu angalia mji huuhuu upande wa pili. Kuna baa na hoteli ambapo mwanamke akienda peke yake anaulizwa getini, dada uko na nani, unamfuata nani, na akisema niko mwenyewe anaangaliwa juu mpaka chini kama dada poa. Misako ya usiku ikipita ndo usiseme, mdada aliyesimama nje ya klabu anasubiri bodaboda anaweza kuzolewa na gari moja na wengine wote, wakati mkaka aliyekuwa nae anaambiwa aende nyumbani. Na wanaume nao wana lao, vijana wanne wamevaa vizuri, wana hela zao, wanaambiwa meza zimejaa kwasababu hawajaja na mdada hata mmoja, na meza tupu zinaonekana kabisa kwa macho. Kwahiyo wanaosema mlango unawapendelea wanawake hawajaangalia mlango wote. Ni jinsi ya mtu, yaani kuwa wa kiume au wa kike, inatumika kama kipimo cha kila kitu, leo inakushushia bei na kesho inakufungia geti.

Haya, sheria inasemaje? Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanadhani Katiba imemaliza kazi. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza ubaguzi, ni kweli, na jinsi iliongezwa kwenye orodha ya sababu zilizokatazwa kupitia marekebisho ya mwaka 2000. Ila soma ibara ndogo ya 4 taratibu, inakataza mtu kubaguliwa na mtu au mamlaka inayotekeleza madaraka yake chini ya sheria, au kwenye shughuli za mamlaka ya nchi. Yaani inamlenga mwenye dola. Mwenye klabu ya Mikocheni sio mwenye dola, ni mfanyabiashara tu ana leseni ya vileo na spika kubwa. Ukiongezea kwamba tangu marekebisho ya 2020 kwenye sheria ya kudai haki za msingi mtu anatakiwa aonyeshe jinsi yeye binafsi alivyoathirika, basi unaelewa kwanini sio jepesi mtu kwenda Mahakama Kuu kisa kiingilio cha elfu kumi na tano.

Na kuna kitu kinanishangaza kila nikikifikiria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamfunga mwajiri binafsi moja kwa moja, kifungu cha 7 kinamkataza kumbagua mfanyakazi kwa jinsi, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na mengine mengi. Kwahiyo baunsa aliyesimama mlangoni analindwa na sheria dhidi ya bosi wake, mhudumu anayebeba trei analindwa, dada wa kaunta analindwa, ila mteja anayeingia hapohapo hana kifungu cha namna hiyo cha kukamata. Sheria inayomhusu mteja mlangoni kwa uzito ni ya umri, Sheria ya Mtoto ya 2009 inayomtaka mwenye sehemu ya pombe ahakikishe mtoto haingii. Umri umeandikwa. Jinsi imeachwa kwa mwenye mlango.

Wenzetu walioandika sheria za wateja ndo wenye kesi. California wana sheria tangu 1959 inayosema biashara yoyote iwahudumie watu wote sawa, na mwaka 1985 mahakama ya juu ya jimbo hilo, kwenye kesi ya Koire dhidi ya Metro Car Wash, ikaamua kwamba punguzo la wanawake tu kwenye sehemu za kuoshea magari na kiingilio cha klabu ni kinyume cha sheria hiyo, na ikasema bei za namna hii zinalea fikra mbovu kuhusu wanawake na wanaume wote. 2007 mahakama hiyohiyo ikaongeza kwamba mwanaume aliyetozwa zaidi hahitaji hata kuwa alilalamika mlangoni kwanza ndo ashtaki. New Jersey nao wakapiga marufuku 2004. Lakini usije ukaambiwa Marekani yote imekataza, sio kweli, jimbo la Washington mwaka 1981 mahakama iliruhusu punguzo la wanawake kwenye mechi za kikapu, na New York mwaka 2010 mwanaume aliyezishtaki klabu za Manhattan kwa kutumia katiba alishindwa, mahakama ikasema klabu ni watu binafsi, sio serikali. Yaani ni ukuta uleule wa ibara yetu ya 13. Uingereza wao wana Sheria ya Usawa ya 2010 inayomkataza mtoa huduma kubagua wateja kwa jinsi, na kiingilio cha bei mbili kinaangukia humo.

Sasa tuje kwenye lile swali linaloua mijadala. Bei ikifuata jinsi ya mtu, lazima kuwe na mtu wa kuamua jinsi ya kila anayekuja, na huyo mtu ni baunsa, ana sekunde mbili tatu, ana tochi ya simu, foleni iko nyuma na muziki unadunda. Hana kipimo chochote zaidi ya nywele, nguo, kifua na sauti.

Nilikuwa na mtoto wa mama mdogo, msichana, anacheza kikapu, mrefu, kichwa kanyoa kipara na siku hiyo alivaa suruali pana na tisheti. Tumefika mlangoni baunsa kaniruhusu mimi, yeye akaambiwa "kaka, kumi na tano". Akasema "kaka samahani, mimi mdada". Yule bwana akammulika tochi usoni, akaishusha kifuani, akamwambia ongea tena nikusikie. Watu nyuma yetu wakaanza kucheka na mmoja simu iko juu tayari. Akatoa kitambulisho cha NIDA, sehemu ya jinsi imeandikwa wazi kabisa, akaambiwa hii picha sio wewe, twende pale pembeni dada wa ulinzi akuangalie vizuri. Akuangalie nini? Mdogo wangu akarudisha kitambulisho mfukoni, akageuka akaondoka bila kugombana na mtu, na mimi nyuma yake. Kwenye bajaji hakusema neno mpaka Mwenge, alafu akaniuliza kama anatakiwa afuge nywele. Huyo ni binti aliyezaliwa msichana, anajijua ni msichana, na makaratasi yake yote yanasema hivyo.

Fikiria sasa aliyesimama kwenye foleni hiyohiyo ni mtu ambaye makaratasi yake yanasema kitu kimoja na maisha yake yanasema kingine. Hapa tuwe makini kidogo maana tunachanganya watu wa aina tofauti. Kuna mtu aliyezaliwa na maumbile ambayo hayakai moja kwa moja upande wa kiume wala wa kike, huyu wazee wa pwani wanamjua kwa jina la khuntha, na wanazuoni wa fiqhi wameandika juu yake kwa karne nyingi, anarithi vipi, anasimama safu ipi kwenye swala. Kenya waliwahesabu kwenye sensa ya 2019, wakapatikana 1,524. Kuna mtu mwingine ambaye maumbile yake hayana utata ila anavyojijua ndani yake ni tofauti na alivyoandikwa siku aliyozaliwa, na huko kujijua kwa mtu ndo kunaitwa utambulisho wa kijinsia. Hiyo hali ya kutofautiana Shirika la Afya Duniani liliitoa kwenye kundi la magonjwa ya akili katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2022. Na kuna suala la mtu anampenda nani, hilo ni jambo la tatu kabisa na halijibiwi na lolote kati ya hayo mawili.

Kwetu haya yote yanatupwa kapu moja, na kapu lenyewe ni la kutisha. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 154 kinaadhibu tendo, yaani kujamiiana kinyume na maumbile, kifungo cha kuanzia miaka 30 mpaka maisha, hakizungumzii nguo wala sauti wala mtu anavyojijua. Lakini mtaani mwanaume aliyevaa hereni anahukumiwa kana kwamba alishikwa kwenye tendo. Mwaka 2018 mkuu wa mkoa wa Dar wa wakati ule alitangaza kamati ya kuwasaka mashoga na kuwaomba wananchi wapeleke majina, na japokuwa Wizara ya Mambo ya Nje ilitoka Novemba kusema yale ni maoni yake binafsi sio msimamo wa serikali, kwa watu waliokuwa wamejifungia ndani taarifa ya wizara haikufungua milango. Kwahiyo kicheko cha foleni na simu iliyoinuliwa kwa mtu kama huyo sio aibu ya usiku mmoja, ile video inafika kwa mwenye nyumba wake, kazini kwake, kwao Tanga. Elfu kumi na tano ya kiingilio ndo kitu kidogo kuliko vyote.

Na usiseme si aonyeshe kitambulisho. Hatuna sheria inayoweka utaratibu wa mtu kubadilishiwa jinsi kwenye makaratasi, kwahiyo kitambulisho ndo kitu cha kwanza kinachomuumbua. Kenya nao hawana utaratibu ulionyooka ila wana hukumu moja naipenda sana. Audrey Mbugua alilishtaki baraza la mitihani la huko apewe cheti chenye jina lake jipya, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ikaamuru apewe na alama ya jinsi iondolewe kabisa, kwasababu alama za mtihani hazitolewi kwa jinsi ya mtu. Mahakama haikuhitaji kumaliza ule ubishi wa yeye ni nani. Iliuliza tu hiyo alama pale kwenye cheti inafanya kazi gani, ikaona haifanyi.

Swali hilohilo unaweza kulipeleka kwenye mlango wowote, na kuna milango ambayo jibu ni ndio, jinsi ina kazi. Chukua kitchen party. Wanawake wa Dar wanafunga mlango, bibi harusi anafundwa na somo wake, yanasemwa mambo ya chumbani ambayo hayasemwi mbele ya baba wala kaka, na hakuna anayeona hilo ni uonevu. Unyago ndo zaidi. Na hata humo sheria sio ya chuma, DJ mara nyingi ni mwanaume na mpiga picha pia, wanakaa kona yao na wanajua kamera inazimwa saa ngapi. Maana yake wanawake wenyewe wanajua wanalinda nini, wanalinda siri na uhuru wa kuongea, wakishaona siri iko salama wanalegeza. Australia kulikuwa na kesi kama hii, jumba la sanaa la Mona kule Tasmania lilikuwa na chumba cha wanawake tu, mwanaume mmoja aliyenunua tiketi akashtaki, Aprili 2024 baraza likaamuru wanaume waingie, Septemba mwaka huohuo mahakama ya juu ya Tasmania ikaitengua amri hiyo, kwa hoja kwamba sheria inaruhusu hatua za makusudi za kuwapa nafasi walionyimwa. Ibara yetu ya 13 nayo ina mlango kama huo, hatua za makusudi za Serikali za kurekebisha matatizo kwenye jamii hazihesabiwi kuwa ubaguzi. Ila nani atasimama aseme wadada bure mpaka saa tano inarekebisha tatizo gani?

Hata kwenye hiyo milango ya wanawake tu swali la nani anahesabika bado ni gumu, sitaki kudanganya. Uingereza Aprili 2025 mahakama yao ya juu iliamua kwamba kwenye Sheria ya Usawa mwanamke maana yake ni aliyezaliwa wa kike, na mpaka leo wanavutana vyoo na vyumba vya kubadilishia nguo viendeshwe vipi. Wanawake wanaoogopa kuwa uchi mbele ya mwili wa kiume wana hoja ya kusikilizwa, na mtu aliyebadili maisha yake yote nae ana hoja ya kusikilizwa, na pale inabidi watu wakae waongee mahali kwa mahali. Lakini kiingilio cha klabu sio chumba cha kubadilishia nguo! Hamna mtu anavua kitu pale. Ni bei ya tiketi, na kwenye bei ya tiketi sioni sababu hata moja ya mtu kumulikwa kifua.

Kinachowezekana kinajulikana na baadhi ya kumbi za hapahapa zinafanya, bei inafuata saa. Kabla ya saa nne bure au elfu tano kwa kila mtu, baada ya hapo kumi na tano kwa kila mtu, imeisha. Upekuzi ndo unabaki, huo ni wa lazima kwa usalama, basi wawepo wa kike na wa kiume na mtu aulizwe anataka apekuliwe na nani, sentensi moja tu. Mapromota wakitaka wadada waje kweli wawashe taa nje na kwenye korido ya chooni, na wamtoe mkorofi hata kama ndo aliyenunua chupa tano. Na kama bango limesema bure alafu ukafika ukaambiwa leo hakuna hiyo, kumbuka Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja kwa tangazo, hifadhi picha ya bango na muamala wako wa simu, hapo una kitu cha kupeleka Tume ya Ushindani bila kugusa habari ya jinsi kabisa.

Jamaa yangu mmoja anayeandaa shoo za wikiendi nilimpelekea hii hoja ya bei ya saa, akaniambia dada, wadada sina wasiwasi nao watakuja mapema tu, wakaka ndo hawatoki nyumbani kabla ya mechi ya saa nne kuisha, ukumbi utakuwa na upande mmoja mpaka saa sita. Nikamwambia basi weka luninga.